Chumba cha Miezi Mitatu

"Huyu sitamlea nyuma ya pazia," mke wangu alisema huku akimenya ndizi, wala hakuinua kichwa. "Kama hakuna chumba, nakwenda Masama kwa mama yangu. Miezi yangu mitatu nitakaa huko huko."

Mama alikuwa upande wa pili wa jiko anapuliza moto. Aliacha kupuliza. Moshi ukatujaa wote watatu machoni.

Kwetu huku mlimani mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, hakati majani ya ng'ombe, hatumwi maji. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Anakula mtori wa ndizi na nyama asubuhi na mtori jioni, katikati anapewa maziwa na supu, na anayeweza kunywa mlaso anachanganyiwa damu na maziwa na siagi mpaka shavu ling'ae. Anayemlea ni mama mkwe. Mzazi akitoka ndani amenenepa, watu humpongeza mama mkwe kwanza ndipo wamtazame mtoto.

Mama yangu alikuwa na sifa hiyo kijiji kizima. Lakini wakwe zake wengine wote walikuwa mijini, huko kaka zangu walikokuwa na kazi. Walijifungua wakalelewa na wasichana wa kazi, wakarudi ofisini. Wakija Krismasi mama huwatazama mikono, halafu huingia jikoni akisema peke yake kwa Kichaga. Mke wangu ndiye mkwe pekee aliyekuwa chini ya paa lake, na sote tulijua kwamba huyu wa nne ndiye wa mwisho. Mama akimkosa huyu, hatalea tena mzazi.

Nyumba yenyewe aliijenga baba: matofali ya kuchoma, bati, vyumba viwili na sebule. Jiko na banda la ng'ombe viko pembeni. Chumba kimoja alilala mama na binti yetu mkubwa. Kingine tulilala sisi na wale wawili wadogo, mmoja kitandani katikati yetu na mwingine kwenye godoro nililokuwa nalikanyaga kila nikiamka. Uzazi uliopita mke wangu aliumalizia pembeni mwa sebule, tumevuta pazia la kitenge. Wageni walikuwa wakija kuzungumza habari za kahawa, wanakaa na kuvuta sigara, wanabishana kuhusu wanunuzi binafsi na mizani yao, na upande wa pili wa kitambaa kuna mtu ananyonyesha. Siku moja mzee mmoja alimaliza kahawa yake akapitisha kikombe chini ya pazia, akidhani kule kuna anayekusanya vyombo. Mke wangu alikipokea. Hajasahau.

"Huko Masama," mama alisema hatimaye, "watambatiza Kilutheri kabla sijamwona masikio."

"Basi mjenge," mke wangu akajibu.

Nilifurahi. Pengine sikupaswa, maana mke alikuwa amekasirika na mama ameumia, lakini mimi nilisikia neno moja tu: kujenga. Shule niliiacha darasa la tano, siku lori la mahindi liliposimama Himo na utingo wake akawa anaumwa, nikapanda mahali pake. Sikuwa nakimbia chochote. Nilitaka tu kuona baada ya kona kuna nini, na baada ya kila kona kulikuwa na nyingine. Nimekata katani Tanga, nimebeba samaki Mwanza, nimeshuka mashimoni Mererani nikatoka na kikohozi. Kila nilikofika nilitazama nyumba. Nilikuwa nabisha hodi kwa watu nisiowajua, nawauliza kwa nini dirisha liko juu vile, kwa nini mlango unafungukia nje. Wengi walinikaribisha. Wachache waliniita mwizi.

Baba alipofariki, nyumba ikawa yangu kwa desturi, maana mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Hakuna aliyetegemea kwamba nitakaa ndani yake. Nilikaa.

Kwa hiyo jioni ile ile nilichukua kijiti nikaanza kuchora uani. Nilichora uwanja wa katikati kama nilioona Tanga, vyumba vinauzunguka, watoto wanacheza katikati, mtu hawaoni kutoka njiani. Mama alikuja na ndoo ya maziwa akasimama juu ya mchoro.

"Hii nyumba ya wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga kuna mteremko?"

"Hakuna."

"Basi huo uwanja wako mvua ya kwanza utakuwa bwawa. Tutafuga samaki."

Nikafuta. Nikachora nyumba ya Kigogo niliyolala Dodoma, paa la udongo bapa ambalo unaweza kuanika mtama juu yake.

"Paa la udongo?" mama alisema. "Kwa mvua hii? Tutaota uyoga kichwani." Akaenda zake na maziwa yake, lakini nilimwona mabega yanacheka.

Shida haikuwa umbo. Shida ilikuwa upande. Kihamba chetu, yaani lile shamba la ukoo ambalo nyumba imekaa ndani yake, hakina nafasi iliyo wazi. Upande wa juu wa nyumba, chini ya migomba, wamelala baba na babu. Upande wa chini unapita mfongo, mfereji wa maji wa watu wote, na baada ya mfongo ardhi inaanguka hadi bondeni. Upande wa mashariki ni kahawa, na imefika ukutani kabisa. Ukifungua dirisha la sebule tawi linaingia.

"Mibuni minne tu," nilimwambia mama. "Tukiitoa hiyo minne chumba kinakaa vizuri."

"Kahawa ya baba yenu haikatwi."

"Mama, watu wanang'oa kihamba kizima siku hizi. Wanapanda nyanya."

"Wang'oe."

Miaka ya nyuma kung'oa mbuni lilikuwa kosa la kukupeleka mbele ya serikali. Miaka hiyo ninayoisimulia hakuna aliyejali tena, bei ilikuwa imeshuka na kila mtu alikuwa anajaribu kitu kingine, maua, nyanya, ng'ombe wa maziwa, duka. Ila mama bado alizungumza juu ya mibuni kwa sauti ya chini, kama vile bwana shamba amejificha nyuma ya mgomba anasikiliza. Na juu ya hilo, ilikuwa ya mumewe. Sikurudia.

Ukabaki upande wa magharibi. Kati ya ukuta wetu na kihamba cha baba mkubwa, kaka yake baba, kulikuwa na ukanda mwembamba wa majani, na mpakani safu ya isale, ule mmea wa shina jembamba na majani marefu ambao Wachaga tunaupanda kugawa ardhi. Ukanda ule ulikuwa wetu. Ulitosha chumba kimoja kirefu.

Kesho yake wanawake walinipokonya kazi. Mke wangu alitandika mkeka pale kwenye majani, akalala chali na tumbo lake. "Kitanda kitakuwa hapa. Weka jiwe kichwani, weka jingine miguuni." Nikaweka. Mama akaleta kigoda chake akakaa kando ya mkeka, akanyoosha mkono kama anayempa mtu kibakuli.

"Sikufikii," alisema. "Sogea."

"Nisogee wapi mama, na huku ni ukuta?"

"Basi ukuta usogee."

Nikasogeza jiwe nililoweka kuonyesha ukuta. Wakapanga mahali pa jiko la mkaa, ili joto limfike mtoto lakini moshi utoke dirishani. Wakapanga mahali pa beseni la kumwogeshea. Walipatana katika kila jambo, wanawake hawa wawili waliokuwa hawazungumzi tangu jana. Nilisimama na mawe mikononi nikafikiri kwamba katika nyumba zote nilizowahi kuchungulia, sikuwahi kuona moja ikipimwa kwa mkono unaotoa kibakuli.

Fundi alikuja wiki iliyofuata, Mpare mmoja aliyehamia Himo, mcheshi, na kamba yake na pima maji. Aliyatazama mawe yetu akatikisa kichwa.

"Mawe yatatembea. Nipe mambo, nivute kamba."

Alitaka vigingi vilivyonyooka. Nilitazama huku na huku. Miti ya mgomba haifai, matawi ya kahawa yamepinda. Nikashika panga, nikapunguza isale pale mpakani, mashina mazuri yaliyonyooka kama fimbo, nikayachonga ncha. Fundi akayapigilia kwenye kona na katikati ya kila ukuta, akavuta kamba, na chumba kikaonekana. Alisifu vigingi vyangu. Siku ya pili mvua za masika zikashuka, na kwetu masika yakishuka hakuna anayechimba msingi. Tukangoja.

Wakati tunangoja, baba mkubwa aliacha kuja.

Kila asubuhi tangu niwe na akili mzee huyu alipita kwenye ukanda ule kutoka kwake kuja kwetu, na kofia yake ya sufu, kunywa kahawa na baba. Baba alipofariki aliendelea kuja kunywa na mama. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, na alikaa pale akilaani mizani za wanunuzi wapya mpaka kikombe kikauke. Sasa siku zikapita bila yeye. Tukadhani ni mvua. Mvua ikapumzika, hakuja. Jumapili kanisani alikaa benchi la mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jumatatu mama alikwenda kuchuma mboga akarudi amebeba kikapu kitupu.

"Njoo huku," aliniambia. "Nani amekwambia upande isale?"

"Sijapanda, mama. Nimechomeka vigingi."

"Vina majani."

Nikaenda kuangalia. Kweli. Mvua ilikuwa imevichipusha vyote. Kila kona ya chumba ilikuwa na kishungi cha majani mabichi yanayong'aa, na kamba ya fundi katikati yake imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukitazama kutoka kwa baba mkubwa uliona jambo moja tu: safu mpya ya isale, imepandwa sawasawa, kipande cha ardhi kimezungushiwa. Mgeni angeona vijiti. Kwetu hiyo ni hati.

"Baba yako mkubwa anasema nimeanza kuwagawia kihamba," mama alisema. "Anasema nimekata na kwake kidogo, maana isale ya mpakani imepungua na ya ndani imeongezeka. Amewatumia ujumbe wazee wa ukoo. Anataka kikao."

"Si nizing'oe tu? Sasa hivi?"

"Thubutu!"

Sikuwahi kumwona mama akinyanyua mkono vile. Isale iliyoshika mizizi haing'olewi na mtu mmoja kwa hamaki, hata kama ni yeye aliyeichomeka. Anayeing'oa anasema mwenyewe kwamba alikuwa na nia mbaya na sasa anaficha. Kwa hiyo hazikuweza kutoka, na kwa kuwa hazikuweza kutoka hakuna aliyeweza kuchimba. Fundi alipopita kuuliza kama ardhi imekauka nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bwana wewe, si ungesema! Kwetu Upareni ningekuchongea hata mti wa mparachichi."

Mke wangu hakucheka. Tumbo lilikuwa limeshuka. Aliteremsha kikapu kutoka juu ya kabati akaanza kupanga nguo za mtoto ndani yake, kila siku moja au mbili, bila kusema. Mama alikuwa anakiona kila anapopita. Safari ya Masama ni kushuka hadi Moshi mjini na kupanda upande mwingine wa mlima, si mbali kwa mtu kama mimi. Kwa mama ilikuwa ni nchi nyingine.

Wakati huo huo, nilipokwenda Himo kuulizia bati, nilikutana na dereva niliyemfanyia utingo zamani. Alikuwa anaelekea Tunduma. "Panda," alisema, akanifungulia mlango. Injini ilikuwa inanguruma, na mimi Tunduma nimepita mara moja tu, tena usiku. Nilimwambia nina kesi ya vijiti. Aliniuliza ni kesi gani hiyo. Nilipomaliza kumweleza alifunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa.

Mama hakungoja kikao. Alichemsha ndizi mbivu akaanza kutengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mbege haiharakishwi, inataka siku zake, ulevi wake unakuja pole pole, na kwa siku hizo zote mama alikuwa anachungulia pipa, anachungulia tumbo la mkwe wake, anarudi kwenye pipa. Ilipoiva alijaza kibuyu akanibebesha. Yeye mwenyewe alikata jani moja la isale, akalifunga fundo katikati, akalishika mkononi. Kwetu mtu akikuletea jani hilo lenye fundo, amekuja kuomba msamaha, na kumkatalia haiwezekani. Tukapita ukanda ule ule, tukiruka vigingi.

Baba mkubwa alikuwa barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Bwana ardhi amefika. Mletee kiti bwana ardhi, asije akapima sakafu yangu."

"Shemeji," mama alisema.

"Na wewe umekuja na mpima wako. Ametoka Mererani huko kufukua mashimo, sasa amekuja kufukua kihamba cha baba yangu."

"Mtoto amekosea, shemeji. Alitaka vijiti."

"Vijiti! Mlima mzima hauna vijiti! Mimi nimepima kahawa ya watu maisha yangu yote, hakuna aliyesema nimemwibia hata punje, leo nipimiwe kwa isale na mtu wa darasa la tano?"

"Darasa la tano sikumaliza," nilisema. Mama alinikanyaga mguu.

Halafu akainama akamwekea lile jani juu ya goti. Baba mkubwa alilitazama. Akageuza fundo upande huu na upande ule, kama anatafuta kasoro katika kufungwa kwake.

"Umeniletea isale," alisema, "kuniombea msamaha wa isale."

"Ndiyo, shemeji."

"Kama ndugu yangu angekuwepo..." Mdomo ulianza kumcheza, akajaribu kuubana, akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikadondoka kwenye mahindi. "Mimina hiyo mbege," aliniambia, "kabla hujaipanda nayo."

Tulikunywa. Ndipo akauliza lile tulilopaswa kumwambia tangu mwanzo, kwamba hicho chumba ni cha nini. Mama akamwambia ni cha mzazi. Kwamba mkwe ametishia kwenda Masama. Kwamba mwaka ule mwingine kuna mzee alimpa mzazi kikombe kichafu chini ya pazia.

Baba mkubwa alikohoa. Kikombe kile kilikuwa chake.

"Kwa nini hamkusema ni cha mzazi?" aliuliza, akitazama mbali. "Mnaniacha nahangaisha wazee na mvua yote hii."

Akasimama, akachukua fimbo, akataka kwenda kuona. Tulimfuata. Alizunguka vigingi vyote kwa mwendo wake wa polepole, akasimama ndani ya chumba ambacho hakijajengwa, pale pale mke wangu alipolala na mkeka. Mke wangu alitoka mlangoni, mkono kiunoni, akamsalimu. Mzee akamwitikia bila kumtazama sana, akaelekeza fimbo kwangu.

"Na mimi nitapita wapi?"

Nilikuwa nimefikiria paa, na dirisha, na moshi, na mkono wa mama unaotoa kibakuli. Sikuwa nimefikiria kwamba ukuta ule ungekaa juu ya njia ya mzee. Angelazimika kutoka hadi barabarani, azunguke, aingie kwetu kwa mbele, abishe hodi kama mgeni.

"Kwa hiyo shida ni njia?" mama aliuliza.

"Nimepita hapa tangu ndugu yangu anaoa. Ardhi ni yenu, sijakataa. Jengeni. Ila semeni mmenifunga."

Mke wangu ndiye aliyesema, kwa heshima, kwamba kama ni hivyo yeye anaweza kwenda Masama tu, haina neno, na alipofika kwenye "haina neno" sauti ilimkatika. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakutaka kwenda. Alitaka kulelewa na huyu hapa.

Baba mkubwa alizunguka nyumba akatokea upande wa mashariki. Alipiga mbuni wa kwanza kwa fimbo.

"Hapa je?"

"Ile ni kahawa ya marehemu," mama alisema.

"Ya marehemu? Hii minne niliipanda mimi. Yeye alikuwa amekaa pale kwenye jiwe, ameshika kopo la maji, ananiambia nisipinde mstari. Na mstari umepinda. Tazama."

Mstari ulikuwa umepinda kweli. Mama aliutazama kama ndiyo kwanza anauona.

"Shemeji," mzee alimwambia, "umeshawahi kusikia mbuni unalea mtoto? Lete panga."

Nilikimbilia panga kabla mtu hajabadili mawazo. Alikata wa kwanza mwenyewe, kwa shida, akipumua, hataki kusaidiwa. Mama alisimama kando, ameshika kanga mdomoni. Ulipoanguka alilivuta tawi lenye matunda mekundu, akachuma matunda yote akayaweka kwenye kanga, maana kahawa haitupwi. Mingine mitatu niliikata mimi. Kisha mzee akarudi magharibi, akang'oa vile vigingi vyangu kimoja kimoja, yeye peke yake aliyekuwa na haki hiyo, akavipanda mpakani kujaza pengo nililolikata. Alivipanda kwa mstari ulionyooka, akanitazama kila alipokandamiza udongo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Saruji ambayo zamani ilikuwa inaombwa kwa kibali, sasa ilikuwa imerundikwa madukani Moshi mjini, na bati zilikuwa zinapatikana Himo mchana kweupe. Majirani walileta mchanga kutoka mtoni, kila mtu debe lake. Fundi alifanya kazi akiimba. Kila nilipompa kigingi alikigeuza kwanza, akauliza, "Hiki hakina baba?" Nilichanganya zege, nilibeba matofali, nilipanda kwenye kenchi za paa, na nilijifunza kupiga lipu, kazi ambayo nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikidhani ni rahisi. Dirisha tuliliweka pale mke wangu alipotaka, ili akiwa amelala aone nani anaingia uani.

Mtoto hakungoja lipu yangu ikauke. Mke wangu alijifungulia hospitali, akarudi akakuta ukuta mmoja bado ni tofali tupu, chumba kinanuka saruji. Mama alikuwa ameshawasha mkaa tangu alfajiri kukikausha. Alimwingiza, akamlaza, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono na bakuli la mtori.

"Unanifikia?" mke wangu aliuliza.

"Kula."

Miezi ile mitatu sikuwa na kazi kubwa pale mlangoni. Nilikuwa nasimama nje, nauliza kama wanahitaji kitu, naambiwa niondoke naingiza baridi. Ndani nilisikia mama akisimulia habari ambazo sijapata kuzisikia, za yeye alivyoletwa nyumba hii, za mama mkwe wake aliyekuwa mkali, na mke wangu akicheka cheko la mtu aliyeshiba. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe huku nimetega sikio. Mimi niliyekwenda hadi Mwanza kuuliza watu wanaishi vipi.

Mke wangu alipotoka, alikuwa amenenepa mpaka pete imembana. Alivaa kitenge kipya, akambeba mtoto akaenda kanisani, na wanawake walianza kupiga vigelegele tangu njiani. Walimshika mama mikono yote miwili kabla ya kumgeukia mtoto. Mama alisema hana alilofanya, ni ndizi tu. Alisema hivyo kwa kila mtu, na alihakikisha hakuna aliyepitwa.

Jioni ile mke wangu alihamisha nguo zake kurudi chumbani kwetu. Nilibisha hodi chumba kipya nikamkuta mama ametandika kitanda upya, ameweka rozari yake dirishani na kitambaa cha kufuma juu ya kigoda.

"Mama, si turudishe vitu vyako chumbani kwako?"

"Vya nini? Chumba kile wape watoto. Si mlisema mna shida ya nafasi?"

"Chumba hiki tulikijenga cha mzazi."

"Na mimi sijazaa?" Akajinyoosha kitandani, akaligeukia lile joto la jiko. "Funga mlango, unaingiza baridi."

Nilikwenda kumwambia mke wangu. Alikuwa anatandikia watoto kwenye chumba cha mama, wote watatu, wanaruka juu ya kitanda ambacho hawakuwahi kuruhusiwa hata kukikalia.

"Mwache," alisema. "Tukipata wa tano tutamwomba atusogelee."

Nilimwambia tulikubaliana wa nne ndiye wa mwisho. Akasema ndiyo, tulikubaliana kabla hajaonja kulelewa.